Siku Tumbaku Ilipolainika

Oktoba 6
Kila mtu katika kesi hii anaandika. Mratibu anaandika, wakili wa mtoto anaandika, binti wa ustawi wa jamii anaandika hata nikikohoa. Basi na mimi Verlin Tackett naandika. Shule niliachia darasa la sita nikaingia shambani, na mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu, lakini macho ninayo na uongo sisemi. Muulize yeyote bondeni humu, Tackett hasemi uongo. Hata wanaonichukia watakwambia hivyo.

Kesi ni ya mjukuu wangu Paislee. Ndiyo kwanza ameanza kutembea. Jina hilo si langu, mimi nilitaka aitwe Opal kama marehemu mke wangu. Walimchukua akiwa bado mchanga, baada ya mama yake, binti yangu Darlena, kukutwa kalala sakafuni na vidonge pembeni. Sasa Darlena yuko safi tangu theluji ya mwisho ilipoyeyuka. Anakaa kwangu, anauza dukani kwenye kituo cha mafuta mjini zamu ya jioni, na mtoto anakuja kulala kwetu Ijumaa mpaka Jumapili. Mwezi wa Januari jaji ataamua kama mtoto anarudi kwa mama yake moja kwa moja au anabaki kwa wanaomlea, awe wao kabisa. La katikati hakuna.

Oktoba 8
Kavu. Tumbaku yote iko juu ndani ya bani, lile banda la kukaushia, safu nne, hakuna aliyening'iniza vizuri kama mimi Kentucky nzima.

Oktoba 14
Kikao cha kila mwezi, chumba cha nyuma cha mahakama. Wameweka zulia lenye picha za tembo, midoli na biskuti. Anayekiendesha ni Bi Nadine Crutcher, ndiye mratibu. Mwanamke mfupi, miwani kichwani na mingine machoni. Kazi yake ni kukusanya watu wasiopendana na kuwaketisha duara. Nilimwambia hivyo.

"Na bado wewe unakuja kila mwezi, Mzee Verlin," akasema.

"Nakuja kwa ajili ya biskuti."

"Basi chukua mbili, ukae kimya kidogo."

Watu wakacheka. Sikupenda.

Bi Connie Halsell, mama anayemlea Paislee, alikuwepo. Mke wa mtu wa benki, kucha zimepakwa rangi. Mimi namwita mwizi, ila kwa sauti ya chini. Leo aliomba kitu cha ajabu. Alimwomba Darlena fulana aliyoivaa, isiyofuliwa. Eti anataka kuiweka kwenye kitanda cha mtoto ili usiku asikie harufu ya mama yake.

"Inanuka tumbaku," Darlena akasema, kaona haya.

"Hiyo hiyo ndiyo anayoijua," Connie akamjibu.

Darlena alivua fulana ya juu akabaki na ya ndani, akampa palepale. Nikaangalia tembo wa kwenye zulia.

Oktoba 15
Nieleze habari ya simu ya rangi, maana ndiyo inayotukosesha usingizi. Kila mzazi amepewa rangi. Alfajiri unapiga namba fulani, mashine inataja rangi za siku. Ya kwako ikitajwa, kabla ya adhuhuri uwe umefika mjini kukojoa kwenye kikombe mtu akikutazama. Usipofika inahesabiwa umetumia. Darlena ni zambarau. Bondeni simu za mkononi hazishiki, kuna ya waya tu jikoni kwangu. Yeye anarudi kazini usiku wa manane, mimi nakuwa macho kabla ya jogoo. Nikamwambia lala, nitapiga mimi, ikiwa zambarau nitakuamsha.

"Bi Nadine alisema lazima nisikie kwa sikio langu mwenyewe, Baba."

"Bi Nadine hajawahi kukamua ng'ombe. Rangi ni rangi, akisikia mzee akisikia kijana."

Akakubali. Alikuwa amechoka.

Oktoba 23
Zambarau. Nilimwamsha. Safi.

Oktoba 30
Zambarau. Safi. Mtoto amejifunza kusema "babu" au kitu kinachofanana nacho. Mimi nasema ni babu.

Novemba 4
Bado kavu. Watu wasiojua tumbaku hudhani mkulima anaomba jua. Tumbaku ikishakauka bani huwezi kuigusa hewa ikiwa kavu, jani linavunjika kama ganda la kitunguu na kazi ya mwaka inaanguka chini vumbi. Unangoja ukungu na mvua ya uvuguvugu. Jani likinyonya unyevu linalainika kama kitambaa, hapo unaishusha yote upesi, unailaza marundo, ndipo unachambua taratibu majira ya baridi. Siku hiyo ikija huendi kanisani, huendi hospitali, huendi popote. Baba yangu alimzika kaka yake siku moja baadaye kwa sababu ya tumbaku, na hakuna aliyemlaumu.

Novemba 9
Estill, jirani yangu tunayesaidiana kazi, kaja kukaa mlangoni mwa bani kutazama mawingu.

"Mwaka huu itakuozea juu, Verlin."

"Ya kwako ilikuozea hata kabla hujapanda."

"Angalau mimi sipangiwi na korti saa ya kukojoa."

Nikamwambia atoke bani kwangu. Akatoka, akarudi na kahawa.

Novemba 13
Zambarau. Safi. Upepo mkavu wa kaskazini.

Novemba 16
Paislee alilala hapa siku mbili. Alikuwa na homa kidogo, akalilia kubebwa na Darlena usiku kucha. Nilisikia binti yangu akitembea naye jikoni, huku na huku, akimhadithia kila kitu kilichomo humo: hili sufuria, hili jiko, yule babu anakoroma. Sikoromi. Lakini nilijilaza kimya nikasikiliza. Mtoto huyu anarudi nyumbani, nasema mimi.

Novemba 19
Naandika mgongo ukiuma, na sijali.

Niliamka na kusikia mabati yanatona. Nikatoka na tochi, ukungu mzito hata bani silioni. Nikaingia, nikashika jani la safu ya chini, nikalikunja ngumini, nikalifungua. Halikuvunjika hata mshipa. Miaka sitini nafanya kazi hii na bado nililikunja tena kuhakikisha.

Nikarudi jikoni nikapiga simu ya rangi. Mashine ikasema: bluu, dhahabu, zambarau.

Nilisimama na mkonga wa simu. Safari ya mjini na kurudi, na foleni ya kikombe, ni nusu siku nzima. Redio ilisema upepo mkavu unarudi jioni. Mimi na Estill peke yetu hatuwezi, Estill hapandi juu tena kwa sababu ya nyonga, na mimi kwenye safu ya nne naanza kizunguzungu. Binti yangu anapanda kama paka. Na nikajiuliza, wamempima mara ngapi huyu? Safi, safi, safi. Mkojo mmoja wanautakia nini?

Nikamgongea mlango. "Darlena! Amka, tumbaku imelainika!"

"Rangi gani leo?"

"Si yako. Vaa viatu."

Basi nikwambie, ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu Opal afariki. Darlena juu kwenye boriti, ananipokeza fito zenye tumbaku, mimi nampokeza Estill, Estill analaza rundo. Hatukupumzika hata kula, tulikula mkate wa mahindi tumesimama. Darlena akaanza kumwiga Bi Nadine kutoka juu: "Mzee Verlin, je, unajisikiaje kuhusu fito hii? Tukae duara tuizungumzie!" Estill alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Kabla ya giza safu zote nne zilikuwa chini, zimefunikwa. Darlena aliteremka, uso mweusi kwa gundi ya tumbaku, akaniambia, "Baba, Paislee akikua nitamfundisha kupanda." Upepo mkavu ulianza tukifunga mlango. Kama ningengoja kesho ningekosa yote.

Novemba 20
Bi Nadine kafika mwenyewe, viatu vya mjini kwenye matope yangu.

"Darlena, jana hukufika kupimwa."

"Rangi yangu haikuitwa."

"Iliitwa."

"Haikuitwa, Bi Nadine."

"Ulipiga mwenyewe?"

Darlena alinitazama kidogo tu. Kisha akasema, "Nilipiga mwenyewe."

Alikuwa ananifichia mimi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha kahawa. Nikasema mashine zao mbovu, hata simu ya waya inakwaruza siku ya mvua. Bi Nadine akaniangalia. Alimchukua Darlena wakaenda kumpima. Safi. Lakini jana ni jana, wanasema.

Jioni Darlena akaniuliza, "Baba, ulisikia vizuri?"

"Masikio yangu yanasikia kulungu akitafuna."

"Basi ni mashine," akasema, akaenda kulala.

Novemba 25
Mahakamani. Jaji wetu ni Prewitt, ambaye kwa kawaida hushuka kitini akakaa kwenye zulia na watoto. Baba yake alikuwa akinunua maboga kwangu. Leo hakushuka.

Kabla ya kuingia, Bi Nadine alimshika Darlena mkono ukumbini. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. "Nisikilize mwanangu. Kukosa kipimo kimoja ni jambo dogo. Sema ulikosa, sema ulilala, utaandika insha moja ya adhabu na tutaendelea. Usiseme habari ya mashine."

"Lakini haikuitwa."

"Darlena, nakuomba."

"Siwezi kukiri kitu ambacho hakikutokea. Si ninyi mlionifundisha hivyo?"

Ndani, jaji aliagiza sauti ya siku ile ichezwe. Bluu, dhahabu, zambarau. Ilisikika safi kabisa, hata mkwaruzo hakuna. Darlena alikuwa mweupe kama karatasi. Akasema tena, mheshimiwa, mashine imebadilishwa au imekosewa, sijui, lakini asubuhi ile haikusema zambarau.

Jaji akasema aliyetumia anaweza kufanya naye kazi, hata aliyetumia mara kumi. Ambaye hawezi kufanya naye kazi ni anayemdanganya usoni. Mtoto kulala kwetu kumesimamishwa. Darlena atamwona mtoto saa moja, mara mbili kwa wiki, ofisini, mtu akiwa kwenye kona anatazama.

Mtajiuliza mbona sikusimama. Nilikuwa na sababu. Nikisema, watasema nyumba ya Tackett haifai, na mtoto hana pengine pa kurudi. Nilifikiri kufunga mdomo ndiko kulinda nyumba. Niliona ni akili.

Novemba 27
Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga wa Estill. Kiti cha mtoto kilikuwa kitupu, Darlena hakutaka kiondolewe.

Desemba 2
Tunachambua. Majani ya chini, ya kati, ya juu. Darlena anachambua bila kusema. Sasa anapiga simu ya rangi mwenyewe, mara mbili, halafu ananiita na mimi nisikilize.

"Umesikia bluu na nyeupe? Baba, umesikia hivyo hivyo?"

"Nimesikia."

Anaandika kwenye kiganja.

Desemba 5
Nilimpeleka ofisini kumwona mtoto. Nilikaa nje kwenye gari. Saa ilipokwisha nilimsikia Paislee akipiga kelele kupitia kuta mbili. Connie alitoka naye kambeba begani, mtoto kanyoosha mikono nyuma. Connie naye alikuwa analia, rangi ya macho imemchuruzika. Hakuniona. Mwizi halii namna ile.

Desemba 9
Barafu. Connie kaendesha gari kwenye barafu ili mtoto asikose saa yake. Mimi mwenyewe nisingethubutu, na mimi ndiye dereva bora bondeni. Alikuwa na mfuko mkononi: fulana ya zamani, anataka nyingine, hii haina harufu tena.

Desemba 12
Darlena anakula kidogo. Nilimwambia ale. Akasema, "Unajua kinachonimaliza? Wote wananitazama kama vile zamani. Hata nikisema leo ni Ijumaa wanaangalia kalenda."

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua. Estill akaingia na kuuliza iko wapi kamba ya marobota.

Desemba 16
Wamempata.

Kwenye gari lake, nyuma ya kituo cha mafuta, injini inaunguruma. Mwenzake wa zamu alitoka kutupa takataka akaona kichwa kimelala kwenye usukani. Midomo ya bluu. Walimpulizia puani dawa ya kuvunja nguvu ya vidonge mara mbili kabla hajavuta pumzi. Simu ililia jikoni nikadhani ni watu wa vipimo.

Nilifika hospitali nikamkuta Bi Nadine keshafika, bila miwani hata moja, nywele zimefungwa na mpira wa barua. Alikuwa ameshika mguu mmoja wa Darlena juu ya shuka, anausugua. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Niliketi upande wa pili.

"Yuko hai," akaniambia.

"Naona."

"Kaa basi, Mzee Verlin. Kaa umshike huo mguu mwingine."

Miguu ya binti yangu ilikuwa baridi. Nimeshika miguu ya ndama waliokufa yenye joto kuliko ile.

Desemba 18
Siwezi kuandika.

Desemba 22
Darlena yuko kwenye nyumba ya wagonjwa wa vidonge, mji mwingine. Haruhusiwi simu. Nachambua peke yangu.

Desemba 29
Bi Nadine kaja bani. Alikaa juu ya robota bila kuuliza kama litachafua koti. Akasema nisikie kwake kabla sijasikia kwa wengine: Januari wanasheria wa serikali wataomba mtoto awe wa Connie moja kwa moja. Mimi kwa umri na mapafu yangu sitapewa. Alisema, "Ningekuwa na kitu, chochote, ningekipeleka kwa jaji. Alikuwa anakwenda vizuri. Sielewi mwezi wa Novemba uliingiliwa na nini."

Nilikuwa nafunga majani ya juu. Nikaendelea kufunga. Nikamwambia nikitazama majani.

"Iliitwa. Nilisikia mimi. Yeye hajawahi kupiga, mimi ndiye nilikuwa napiga. Tumbaku ilikuwa imelainika."

Nilingoja anitukane. Wanawake wa kwetu wangenitukana. Nikageuka. Alikuwa kajiziba mdomo kwa mkono.

"Ukumbini," akasema, "nilipokuwa namsihi. Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unakula biskuti."

Sikumbuki biskuti. Labda.

"Basi kamwambie jaji," nikasema.

"Mimi? Sitakusemea hata neno moja, Mzee. Utakwenda mwenyewe, utasimama kwa miguu yako, na Darlena atakuwepo asikie."

Aliondoka. Miezi yote hii nimemwita moyoni mtu wa makaratasi tu. Sijui ni nani mwingine kule mjini angenifanya nisilale.

Januari 7
Theluji. Majani yamebaki kidogo.

Januari 14
Nilivaa koti la mazishi. Darlena aliletwa na gari la ile nyumba, kakonda, kanitabasamia. Alinitabasamia! Akanong'ona, "Umekula, Baba?" Connie alikuwepo na mumewe. Mtoto hakuletwa.

Jaji akasema, "Bwana Tackett, Bi Crutcher anasema una neno."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu, jinsi tumbaku ilivyo, jinsi upepo ulivyokuwa, jinsi nilivyomfahamu baba yake. Yote yalipotea. Nikasema, "Rangi iliitwa. Nilipiga mimi. Nilimwambia si yake ili anishushie tumbaku. Yeye hakujua."



"Kwa nini hukusema mwezi wa Novemba?"

"Ungesema nyumba yangu haifai, mheshimiwa."

"Na leo?"

"Leo sema."

Jaji alivua miwani akajikandakanda macho. Lakini mimi nilikuwa namtazama Darlena. Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama anamweleza mtu mgeni njia:

"Nilimwambia kila mtu mashine inasema uongo. Nilimwambia jaji, nilimwambia Bi Nadine, nilimwambia daktari. Walidhani nina wazimu. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikadhani nina wazimu. Kwa sababu nilijua baba yangu hasemi uongo."

Kisha akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na Connie Halsell, akakaa. Connie akamwekea mkono mgongoni. Hakuna aliyewakataza.

Jaji akasema mengi. Akamwambia Darlena uongo haukuwa wake wote, lakini vidonge alimeza mwenyewe, na alitaka alijue hilo. Darlena akasema analijua. Jaji akampa miezi mitatu zaidi. Atahamia nyumba ya akina mama inayopokea na watoto, na akisimama imara Paislee atamfuata huko. Nyumba yangu imefutwa. Connie akasimama bila kuulizwa akasema yeye atamleta mtoto mwenyewe siku hiyo, na kama siku hiyo haitakuja, hapo ndipo waongee naye habari ya mtoto kuwa wake.

Bi Nadine alimwuliza Darlena, kama wanavyouliza kila mara, anataka nani wakae kwenye duara lake kuanzia sasa. Akataja Bi Nadine. Akataja Connie.

"Na baba yako?"

"Hapana."

Bi Nadine aliandika. Nilisikia kalamu ikikwaruza.

Januari 21
Tumbaku imeuzwa. Mnunuzi alishika majani yangu akasema mwaka huu hajaona rangi nzuri kama hii. Estill alingoja nijisifu. Akangoja tena. Nikawasha gari.

Februari 3
Hakuna cha kuandika.

Februari 19
Simu imelia mchana. Bi Nadine.

"Nimeona ni haki ujue. Paislee alifika kwa mama yake jana. Wamelala chumba kimoja."

"Ni wapi huko?"

"Siruhusiwi kukuambia, Mzee Verlin."

"Ni mbali?"

"Siruhusiwi."

"Kuna baridi?"

"Chumba kina joto. Nimekiona."

Nikasema vizuri. Alikuwa bado anapumua kwenye simu, labda alitaka kusema kitu kingine. Nikakata mimi kwanza.